Joto la Mirihi

"Kwani jiko langu lina miguu?" mama alifoka. "Nimeliacha hapa mlangoni, makaa yameshika vizuri. Nageuka kumpima mteja gauni, halipo! Na aliyekuwa kibarazani ni wewe tu."

"Mama Profesa, usinivunjie heshima," fundi viatu alijibu, akitema misumari kiganjani. "Nishone viatu au nikimbie na moto mkononi?"

Vichwa vikachomoza madirishani. Ugomvi wa bure, nani asiutake?

Profesa, kama mtaa mzima ulivyomwita kwa wingi wa maswali yake, alisimama na ndoo ya maji. Alijua jiko lilipo. Lilikuwa kwenye stoo ya nyuma, yaani Mirihi.

Darasani alikuwa amesoma kwamba Mirihi ni sayari ya baridi kali, na kwamba wapo wataalamu wanaowaza kuipasha joto ili siku moja watu wakaishi huko. Basi naye akajaribu. Aliziba dirisha la stoo kwa nailoni na kila ufa kwa matambara, akapanga makopo ya mchicha, kisha akaingiza joto. Mdogo wake, Chiriku, akawa mkazi wa kwanza. Profesa alitoka kuchota maji tu, ndipo akaukuta ugomvi.

Akisema, atachapwa. Akinyamaza, fundi viatu ataitwa mwizi. Akaona bora fundi.

Lakini kuna kitu kilimsumbua. Chiriku hakuwa mtoto wa kunyamaza. Hata usingizini aliongea. Sasa kutoka stoo hakukusikika wimbo, wala kikohozi, wala "Dada, nitoke?" Moshi haukuonekana. Harufu haikuwepo. Ulikuwepo ukimya tu, na kadiri alivyousikiliza ndivyo ulivyozidi kuwa mzito.

"Mama." Aliitua ndoo chini. "Jiko nimelichukua mimi. Chiriku yuko nalo stoo. Nimeziba kila mahali."

Fundi viatu ndiye aliyetangulia kukimbia. Mlango ulikuwa umekazwa na matambara. Akausukuma kwa bega hadi ukaachia. Chiriku alikuwa amelala kando ya mchicha, shingo imelegea. Fundi alimbeba nje, mama akimwita mwanawe bila kuitikiwa. Wakakimbia naye hadi zahanati.

Muuguzi alimwekea oksijeni. Profesa alikaa kwenye benchi akitazama kile kifua kidogo, akiogopa hata kupepesa macho. Ilikuwa jioni Chiriku alipozinduka, akatapika, kisha akauliza, "Dada, huko Mirihi wote wanaumwa kichwa hivi?"

Profesa akaangua kilio.

"Sikiliza, binti," alisema muuguzi, aliyekwisha kusimuliwa yote. "Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichozibwa, hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Haumlazi mtu usingizi, unamuua. Sayari zako endelea kuziwaza. Ila watakaoishi huko watavuta hewa moja, na mmoja akificha kosa lake, wote wamekwisha. Ukikosea, sema hapo hapo. Ungeogopa fimbo kidogo tu zaidi, mdogo wako tungemkosa."

Muuguzi alipowaruhusu, walirudi nyumbani taratibu. Profesa alimwomba fundi viatu msamaha. Fundi aliitikia kwa kichwa, akaanza kukusanya zana zake kibarazani.

Mama alisimama mlangoni, macho chini.

"Jirani, unakwenda wapi? Nimekuita mwizi mbele ya watu, nawe umenibebea mwanangu."

"Nakwenda kulala njaa," fundi alisema. "Nikiingia kwako, kijiko kikipotea je?"

"Kikipotea, tutamuuliza Profesa kwanza. Ingia bwana, unawe mikono, ule na sisi."