Togwa Iliyogoma Kuchachuka

Kila Jumamosi Emelyne alitengeneza togwa. Alipika uji wa mahindi, akausubiri upoe, akatia kimea cha ulezi, kisha akaufunika uchachuke. Majirani pale kijijini Katumba walimsifu, naye alipenda sifa kama mtoto yeyote wa darasa la sita. Mdogo wake Candide, mwenye miaka minne, alikunywa mpaka tumbo likamtangulia mlangoni.

Msimu mmoja mtungi wake wa togwa ulipasuka. Baba yao, Salvatori, akakata mdomo wa dumu lililokuwa na dawa ya kuua magugu, akampa.

"Lisugue kwa sabuni na majivu," alisema. "Likitakata halina neno."

Emelyne akalisugua mpaka mikono ikamuuma. Lakini togwa ile ilikaa bila povu wala uchachu. Yeye akalaumu kimea. Candide hakulaumu chochote, alikunywa tu, na Jumamosi iliyofuata akanywa tena.

Kisha akaanza kutapika na kuhara. Mama yao, Prisila, akambeba mgongoni hadi zahanati, Emelyne akiwafuata. Mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia. Alifungua mdomo, machozi yakashuka bila sauti.

"Amekula nini?" aliuliza nesi Zuhra.

"Chakula cha kila siku tu, dada nesi," mama alijibu.

Emelyne alijua kwamba akisema, lawama itamwangukia yeye na baba yake. Hata hivyo akasema, "Amekunywa togwa. Imegoma kuchachuka. Niliiweka kwenye dumu la dawa ya magugu."

Mama aliketi sakafuni akaangua kilio.

"Umefanya vizuri kusema, mwanangu," alisema nesi. "Togwa huchachushwa na bakteria, vijidudu tusivyoviona. Tumboni mwetu pia wamo bakteria wazuri, wanasaidia kusaga chakula na kuzuia magonjwa. Huenda dawa iliyowadhuru kwenye dumu imewadhuru na wa tumboni. Wataalamu bado wanachunguza jambo hilo. Lakini sumu ni sumu, nasi sasa tunajua pa kuanzia."

Candide alilazwa hospitali mjini Mpanda. Alirudi akiwa hai, lakini amekonda, na kila alipokula alishika tumbo. Daktari alisema atapona polepole. Emelyne alikuwa akimtazama, kisha akitoka nje kulia.

Siku moja jirani yao Onesphore akaja. "Mzee Salvatori, nasikia una madumu matupu. Nigawie moja la kuwekea maji."

Baba alichukua msumari na nyundo, akayatoboa madumu yote mbele yake.

"Sasa unayaharibu ya nini?" Onesphore alishangaa.

"Mimi ndiye niliyemwambia binti yangu likitakata halina neno," baba alisema. "Majuto ni mjukuu, jirani. Dumu la dawa halioshwi likawa chombo cha chakula wala maji. Ukilihitaji, pita kwanza ndani, umwone Candide anavyokula."

Onesphore akaingia. Alipotoka hakuuliza tena habari za dumu.