Kikombe cha Pili Kwenye Picha ya Lushoto

Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, mkulima wa korosho, naishi Chiungutwa, wilaya ya Masasi. Nina mtoto mmoja, Neema, yuko sekondari ya bweni. Haya ninayoyaandika hata mama yangu mzazi sijamweleza yote... Lakini nimechoka kukaa nayo kifuani. Wasomaji wenzangu, nisomeni mpaka mwisho, halafu mnicheke au mnililie, shauri yenu!

Niseme ukweli mapema: mimi nina wivu. Tena si wa kuombea maji! Nikiona jirani kapaka nyumba yake rangi, chakula hakipiti kooni. Kungwi wangu aliliona hilo tangu nilipochezwa unyago, akaniambia wazi, "Wewe mtoto, roho yako itakutesa." Nilimwona mzee anazeeka vibaya. Kumbe!

Nilikuwa na hamu moja tu maishani. Nilitaka mume wangu, Baba Neema, anipeleke mahali tukapumzike. Siku mbili tatu, basi. Sikuomba Zanzibar wala Arusha kwenye mbuga. Nilitaka Newala tu, hapo juu mlimani, wakati wa baridi, nivae sweta, ninywe chai ya moto, nisimame pale Shimo la Mungu niangalie bonde linavyoshuka mpaka Ruvuma. Watu wanatoka mbali kuja kupaona. Mimi niliye jirani nilikuwa napasikia kwa watu tu!

Kila nikimwambia, jibu lake lilikuwa moja. "Mama Neema, baridi ni msimu wa salfa. Nikienda kutembea, mikorosho atapulizia nani?"

Na kweli, kwetu huku mwezi wa sita na wa saba hakuna mkulima anayelala. Mashine mgongoni alfajiri, kabla upepo haujaamka. Usipopulizia hiyo dawa ya salfa, maua yanaliwa na ugonjwa wa ubwiriunga, na mwaka wako umekwisha. Kwa hiyo nilimwelewa. Kila mwaka tulikuwa tukimaliza shamba letu la Chiungutwa, kisha yeye anapanda Newala kupulizia mikorosho aliyoiacha marehemu mama yake, inayotunzwa na wifi yangu Fadina. Alikuwa akikaa huko wiki nzima, wakati mwingine zaidi.

Sasa nije kwa Mama Latifa.

Huyu alikuwa jirani yangu, fundi cherehani, ameachika. Jamani, nilimpenda! Tulikuwa tunachota maji pamoja, tunasukana nywele, tunasimuliana ya waume na wachumba bila kufichana. Yaani mimi ndiye nisiyemficha kitu, maana yeye mchumba wake sikuwahi kumwona. Aliniambia ni mtu wa Dar, anafanya kazi serikalini, hapendi kujionyesha.

Mwaka juzi, wakati wa baridi, Mama Latifa alifunga cherehani akaaga kuwa mchumba anampeleka Lushoto kupumzika. Aliporudi alinikalisha kwenye mkeka, akafungua simu.

Mungu wangu! Ile picha!

Mama Latifa kakaa kwenye baraza yenye nguzo za buluu, kajifunga kitenge mabegani, anacheka. Pembeni yake mtungi wa maua uliopasuka, umezungushiwa waya usimwagike udongo. Nyuma yake ukungu mweupe, mzito, kama dunia imeishia pale. Na mbele yake kimeza chenye vikombe viwili. Kimoja kakishika. Cha pili kimefunikwa na kisahani.

Nikamuuliza, "Hiki cha pili cha nani?"

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Cha mwenyewe! Ndiye anayepiga picha."

Nililia nilipofika nyumbani, sikudanganyi. Nilikionea wivu kile kikombe kuliko hata ile safari! Nilijiuliza, mimi nimemkosea nini Mungu? Mwenzangu kaachika, kapata mwanaume wa kumkalisha barazani na kumpiga picha. Mimi niliye na ndoa ya kanisani naishia kunusa salfa!

Nilimwomba anitumie ile picha. Akanitumia. Kila nikipata nafasi naifungua, naikuza, naiangalia mpaka macho yanauma. Kisha namgeukia Baba Neema.

Masikini mimi... Mwaka mzima nilimsimanga! Chakula kikichelewa, mchumba wa Mama Latifa. Mvua ikinyesha, mchumba wa Mama Latifa. "Wenzako wanajua kupenda! Mwenzako kampeleka mwenzangu Lushoto, wewe unajua njia ya shambani tu! Kwa nini usijifunze kwa yule bwana?"

Unajua alikuwa anafanya nini? Alikuwa anacheka! Siku moja aliniambia, "Huyo mwanaume wala humjui, unamsifia hivyo?" Nikamjibu kwamba simjui lakini naona matendo yake. Akafunika chai yake kwa kisahani kama kawaida yake, akatoka nje. Baba Neema hawezi kuacha kikombe wazi, hata kama ameweka chini kwa kitambo cha kufunga kamba ya kiatu. Tangu anioe ndivyo alivyo.

Nilikiona kisahani kile kila siku mezani kwangu. Nilikiona kila siku kwenye picha. Akili haikuunganisha... Mtu uliyemzoea humwoni, jamani!

Ikafika baridi ya mwaka jana. Tulipulizia shamba letu, tukamaliza. Mama Latifa akaja kwangu asubuhi, kajaa furaha.

"Shosti, mwenzio naenda Lushoto tena! Ila mwaka jana niliteseka na baridi. Niazime lile sweta lako jekundu."

Sweta lile alinifumia dada yangu kabla hajafariki. Sikuwahi kulivaa zaidi ya kulijaribu, nilikuwa nalitunza kwa siku nitakayopelekwa mimi. Roho iliniuma, lakini nikajikaza kisabuni. Nikampa. Kwa mikono yangu hii!

Akaniuliza kama mtu anayepitisha muda, "Na Baba Neema anapanda lini Newala?"

Nikamwambia Ijumaa.

"Haya, mimi natoka Jumamosi. Utabaki mpweke, masikini."

Ijumaa hiyo nilimfanyia Baba Neema vurugu. Nilimwambia nimechoka kuwa mke wa salfa, kama hanipeleki Newala mwaka huu asirudi na hadithi. Aliondoka, kapakia mfuko wa salfa na mashine kwenye bodaboda, hata uji hakumaliza.

Hasira ilipopoa, nikaanza kujuta. Kungwi alitufundisha kwamba mume haondoki safari na tumbo la ugomvi, ukikosea mfuate. Jumapili nilipofagia chumba nikaona barakoa yake ya kupulizia, ile ya mpira, inaning'inia msumarini. Kaisahau! Nikaingiwa na huruma. Atapuliziaje bila barakoa? Salfa itamla macho na kifua!

Jumatatu asubuhi nilichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu, anaipenda sana, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaweka barakoa mkobani, nikapanda gari la Newala. Njiani nilikuwa natabasamu peke yangu. Nilisema, huenda akiniona atalainika, atanipeleka Shimo la Mungu. Tutakunywa chai. Na mimi nitapiga picha nimwonyeshe Mama Latifa!

Nilifika kwa wifi Fadina, nikabisha hodi.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba." Hakunikaribisha kiti. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaniuliza, "Umekuja kuangalia kama tumeshakufa?"

Nikamuuliza kaka yake yuko shamba lipi. Akashika kiuno. Akaniambia kaka yake hajakanyaga pale tangu walipomzika mama yao. Kila baridi wanampigia simu aje awasaidie kupulizia, naye anajibu kwamba mimi, mke wake, nimemkataza! Kwamba nimemwambia achague mikorosho ya kwao au ndoa!

"Njoo uone kazi yako," akasema.

Akanishika mkono mpaka shambani. Maua yalikuwa yamefunikwa unga mweupe wa ubwiriunga, mengine yamekwishakauka meusi. Mikorosho yote, mpaka kule mwisho. Yule mama alilia mbele yangu, nami nikalia, tukashikana. Nilimwapia kwa jina la mwanangu kwamba sijawahi kumkataza. Sijui kama aliniamini siku ile.

Hapo sasa kichwa kilianza kufanya kazi. Kwa nini kila mwaka alirudi Chiungutwa hanuki salfa? Mpulizia salfa anatambulika, macho mekundu, kola ya shati imekuwa ya njano, harufu haitoki hata kwa sabuni. Baba Neema alirudi msafi, ananukia sabuni ya kuogea! Na mimi mjinga nilifurahi kwamba sifui sana!

Nilitoka pale bila kujua naenda wapi. Nikasema, kama ni kulia, nikalie mahali nilipopatamani. Nikashika njia ya kwenda Shimo la Mungu. Ukungu ulikuwa mzito, baridi inapenya mpaka kwenye mifupa, na mimi nina khanga tu, sweta nimeazimisha.

Kabla sijafika nikaona nyumba ya wageni. Ina baraza. Nguzo za buluu.

Nikasimama.

Pembeni ya ngazi palikuwa na mtungi wa maua uliopasuka, umezungushiwa waya.

Mama weee! Mtungi ule nilikuwa naujua kuliko vyungu vyangu! Nilitoa simu, nikafungua picha. Nguzo ile ile. Mtungi ule ule. Waya ule ule! Lushoto gani hii iliyohamia Newala?

Na pale kwenye kimeza palikuwa na vikombe viwili. Kimoja kiko wazi, kinafuka moshi. Cha pili kimefunikwa na kisahani.

Nilishika nguzo. Hapo ndipo kila kitu kilipojipanga chenyewe... Mchumba asiyeonekana. Safari za wakati wa salfa. Kile kicheko cha kwenye mkeka. Mwanaume niliyemsifia mwaka mzima, mwanaume niliyetamani awe wangu, alikuwa wangu! Nilimsimanga mume wangu kwa mapenzi ya mume wangu mwenyewe! Nilimwonea wivu mwanamke kwa safari iliyokuwa yangu!

Mlango ukafunguka. Akatangulia Mama Latifa, anacheka, kavaa sweta langu jekundu. Nyuma yake Baba Neema, simu mkononi, tayari kupiga picha.

Mama Latifa alishika shingo ya sweta kama mtu anayetaka kujificha ndani yake.

"Mama Neema, sikiliza kwanza..." akaanza mume wangu.

"Sijaja kusikiliza," nikamwambia. "Nimekuletea barakoa yako. Uliisahau."

Nikaiweka mezani, kando ya kikombe chake. Ming'oko nikaiweka pia, maana nilishindwa kuibeba tena. Kisha nikamgeukia yule niliyemwita ndugu.

"Nipe sweta langu."

"Shosti, nje baridi..."

"Ndiyo maana nalitaka!"

Alilivua palepale, nami nikalivaa, bado lina joto la mwili wake. Joto lile nalisikia mpaka leo nikilikumbuka. Nilikwenda mpaka ukingoni, peke yangu. Sikuona bonde wala Ruvuma. Ukungu tu! Nikalia mpaka sauti ikakauka, nikarudi stendi.

Mengine yalifuata haraka. Wajomba zangu waliitisha kikao. Nyumba iko kwenye ardhi ya ukoo wa mama yangu, kwa hiyo yeye ndiye aliyebeba nguo zake na baiskeli. Mbele ya watu alikiri kwamba ile mifuko ya salfa alikuwa akiiuza akifika Newala. Nilipomuuliza kwa nini hakunipeleka mimi hata mara moja, alisimama akaenda kufunga mzigo wake kwenye baiskeli. Mama Latifa alihama bila kuaga, nasikia wanaishi pamoja Masasi mjini. Wifi Fadina sasa ndiye ndugu yangu, na msimu huu tumepulizia mikorosho yake sisi wawili, macho mekundu, tunacheka.

Msidhani wivu umekwisha. Bado ninao! Kuna asubuhi nachemsha chai najiuliza, je, leo anamfunikia nani kikombe? Roho inawaka, nakaa chini mpaka ipoe.

Likizo ya mwezi wa sita Neema aliniomba nimpeleke Newala. Nilikataa, kisha nikaona kwa nini niwaachie wale wawili mlima mzima? Tukaenda na wifi. Siku hiyo jua lilitoka mapema, ukungu ukanyanyuka, bonde lote likafunguka mpaka Msumbiji. Neema alipiga kelele za furaha. Jamani, ni pazuri! Miaka yote nilikuwa nangoja mtu wa kunishika mkono, na nauli ilikuwa ndani ya uwezo wangu.

Dada zangu, nawaombeni. Mambo ya ndani ya nyumba yako, siku mume anayotoka na siku anayorudi, usimpe jirani hata kama mnakula sahani moja. Na nyinyi akina baba, mke akiomba safari ndogo, mpelekeni, hajaomba nyota. Lakini zaidi nakuomba wewe mwenye moyo kama wangu, unayekesha na picha za wenzako. Ukiiona safari ya mwenzio ikakuchoma, usimkimbilie mumeo kumsimanga. Kwanza angalia, siku picha ile ilipopigwa, nani hakuwa nyumbani kwako?

Ile ya Lushoto nimeifuta. Simuni sasa nina picha ya Neema ukingoni, kavaa lile sweta jekundu alilolifuma marehemu mama yake mkubwa. Mbele yake kuna vikombe vitatu vya chai, na vyote viko wazi.