Kilo Mbili Kabla ya Upasuaji

Kwetu milimani Taihang, wanaume hula nje. Kila mmoja huchuchumaa mlangoni kwake na bakuli kubwa la uji wa mtama.

Mwaka juzi, wakati wa kupukuchua mahindi, mume wangu Shuanzhu alianza kula ndani, peke yake. Chakula kilikuwa kinamkwama kifuani, naye alikisukuma kwa maji bila kuniambia. Nilipogundua, alikuwa ametoka kilo sitini na mbili hadi hamsini na moja.

Hospitalini walisema ni saratani ya umio, ule mrija unaopeleka chakula tumboni. Daktari alisema uvimbe unaweza kukatwa, akatupa siku ya kurudi.

Meiju, dada mkubwa wa mume wangu, akaja kunisaidia kuuguza. Alikataza mayai na samaki, eti vinaamsha ugonjwa. Alisema pia kwamba ukimshibisha mgonjwa, kinachoshiba ni uvimbe. Hata mama yangu aliamini hivyo, basi nikakubali. Tulichemsha kuku, tukampa supu tupu. Kwetu tunasema nguvu yote ya kuku huingia kwenye supu.

Siku ya kulazwa alikuwa na kilo arobaini na tisa. Daktari akaahirisha upasuaji wiki tatu. Alisema mwili huu hautahimili kisu.

Mtaalamu wa lishe, Bi Hao, alituketisha akauliza tunampikia nini. Nikamweleza yote.

"Na nyama ya huyo kuku anakula nani, mama?"

Nilimgeukia wifi yangu. Meiju akatazama viatu vyake.

"Dada, kumbe anayejiandaa kupasuliwa ni wewe," alisema Bi Hao.

Mume wangu alicheka hadi akakohoa. Meiju hakucheka. "Nikimlisha, si nalisha uvimbe?"

"Uvimbe haungoji kulishwa. Ukimnyima chakula, uvimbe unamla yeye mwenyewe. Mgonjwa aliyekonda hivi akipasuliwa, kidonda huchelewa kufunga, na mapafu hushikwa na maradhi upesi. Wengine hawarudi nyumbani."

Kisha akatueleza taratibu. Nguvu ya kuku iko kwenye nyama, kwa hiyo tuisage tuitie kwenye uji. Tumpe mayai laini ya mvuke, tofu ya soya, na samaki asiye na miiba. Ale kidogo kidogo mara sita kwa siku, ameketi wima, chakula kiwe vuguvugu. Apimwe uzito kila wiki. Uji nao ukishindwa kupita, tumrudishe haraka awekewe mpira wa kulishia.

Tulipomrudisha nyumbani, wiki ya kwanza uzito haukupanda. Meiju alinitazama tu, nami nikaendelea kusaga. Wiki ya pili ikapanda kilo moja. Ya tatu, mizani ilisoma hamsini na moja. Daktari akanipa karatasi ya idhini, nikaandika jina langu polepole, herufi moja moja.

Kidonda kilifunga vizuri. Chakula hakiponyi saratani, Bi Hao alituambia wazi, na bado tunarudi kupimwa. Lakini kilimwezesha mume wangu kuingia chumba cha upasuaji na kutoka.

Siku hizi bado anakula mara sita. Juzi alisukuma bakuli pembeni.

"Mama Liqin, unaninenepesha kama nguruwe wa mwaka mpya."

"Nguruwe halalamiki," nikamwambia. "Maliza."

Akamaliza.