Kakakuona Nyumbani kwa Germaine

Jumamosi asubuhi Germaine alikuwa anafua nguo uani kwake, katika mtaa wa Naviundu, mume wake aliporudi kutoka Kilwa. Sylvain ni dereva wa lori. Siku hiyo alishuka na gunia, amelibeba kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto.

"Mama Syntiche, kuja uone!"

Akalifungua. Ndani mlikuwa na kitu cha mviringo, kikubwa kama sufuria ya bukari, yaani ugali, chenye magamba magumu kila upande. Kichwa hakikuonekana. Miguu haikuonekana.

Germaine akarudi nyuma. "Yesu! Hii ni nini?"

"Ni nkaka," Sylvain akasema. Ndivyo wanavyomwita kakakuona kwao. "Bantu ba ku barabara balitaka kumupika. Nikamuhurumia, nikamununua. Tutamufuga hapa."

Binti yao Syntiche, mwenye miaka saba, alifurahi sana. Alimwekea mnyama sanduku la katoni, akamletea bukari. Kakakuona hakula. Akamletea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Hakula. Germaine akajaribu samaki wadogo, maziwa, hata ndizi mbivu. Mnyama alibaki amejiviringisha vilevile. Majirani walikuja kumtazama. Walimgonga kwa vidole, wakamgeuza huku na huku, wakampiga picha. Kila alipoguswa, alizidi kujikaza.

Jumapili alasiri Germaine aliinama karibu na sanduku. Akasikia pumzi ndogo, za haraka haraka.

"Baba Syntiche, hii nyama itakufa. Siku mbili haikule kitu."

"Sasa tufanye nini?"

"Uende umuite Mama Edith."

Edith ni daktari wa wanyama. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alifika, akachungulia, lakini hakumgusa mnyama. Kwanza aliwaomba majirani waende. Kisha wakalifunika sanduku kwa kitenge, wakaliingiza katika chumba chenye giza kidogo, wakaweka maji karibu na upande walioacha wazi.

"Anakula sisimizi na muchwa tu," Edith akasema kwa sauti ya chini. "Haiko na jino hata moja. Ulimi yake njo kijiko yake. Hakuna nyumba mu muji yenye inaweza kumulisha."

"Mais mi nilimuokoa," Sylvain akasema.

"Najua, roho yako iko muzuri. Lakini ukitoa feza leo, kesho ule muwindaji atarudia mu pori kutafuta mwingine. Na sheria inakataza kumukamata, kumuuzisha na kumufuga. Ukiona banauzisha nyama ya pori, usinunue. Uite balinzi ba banyama. Na sasa bote benye mulimugusa, munawe mikono na sabuni. Banyama ba pori banaweza kutupatia magonjwa, na sisi tunaweza kubapatia yetu."

Wakanawa. Halafu wakakaa mlangoni, kimya kabisa.

Muda mrefu ukapita. Kisha magamba yakasogea. Pua nyembamba ikatoka, ikanusa hewa. Vikatoka vijicho viwili vyeusi. Polepole mnyama akajikunjua, mkia ukaachia, na tumbo lake laini likaonekana.

Palikuwa na kitu pale tumboni.

Kilikuwa kidogo kama kiganja cha Syntiche. Kilikuwa na magamba laini, meupe, kama kucha za mtoto mchanga. Kikapiga miayo.

Germaine alijiziba mdomo. Machozi yalimtoka bila yeye kujua. "Iko mama," akanong'ona. "Tulikuwa tunamugonga, tunamugeuza, kumbe yeye alikuwa anaficha mutoto wake!"

Edith alikuwa anatazama tu.

Jioni ile ile Edith aliwapigia simu walinzi wa wanyama. Walikuja Jumatatu na gari, wakaichukua familia yote pamoja na sanduku hadi msitu unaolindwa. Jua lilikuwa linashuka. Mlinzi akaweka sanduku karibu na kichuguu, akalifungua, akarudi nyuma.

Kakakuona alitoka taratibu. Akapasua udongo kwa kucha zake. Ulimi ukatoka, mwembamba, mrefu, ukaingia ndani ya kichuguu, ukarudi umejaa mchwa. Ukaingia tena. Alikula bila kusimama. Aliposhiba, mtoto alipanda juu ya mkia wa mama yake, akashikilia kwa nguvu. Wakaingia majanini hivyo, mama akitembea, mtoto amepanda.

Sylvain alivua kofia. Wote walitazama mpaka majani yakaacha kutikisika.

Tangu siku hiyo Sylvain ana namba ya walinzi katika simu yake, na anawapa madereva wenzake. Mwezi uliopita, dereva mmoja anayeitwa Mbuyi alimwonyesha picha ya mtoto wa kima aliyekuwa anauzwa karibu na Kinsevere.

"Iko muzuri, hein? Kesho nitamuleta ku nyumba, batoto bacheze naye."

Sylvain akaitazama ile picha. "Mbuyi, kwanza uulize: mama yake iko wapi?"

Mbuyi akaitazama picha tena, mara hii kwa muda mrefu.

"Bon," akasema. "Unipatie ile namba."