Nati ya Kukaza na Nati ya Kulegeza

Mimi ni Nakhumicha, lakini hapa mtaani Theta wote wananiita Mama Becky. Kila asubuhi mimi na mume wangu, Dalmas, tunaenda kazi Eneo la Viwanda, Thika. Mimi nafunga vifuniko vya chupa za juisi. Dalmas ni fundi wa mashine katika kiwanda cha biskuti. Ukisikia anajisifu, ujue ni habari ya nati.

"Miaka kumi na minane," husema, "na hakuna nati imewahi kulegea mkononi mwangu!"

Binti yetu Becky ana miaka kumi na mitatu. Mwaka mzima alituomba sketibodi, ule ubao wa magurudumu manne ambao vijana husimama juu yake wakateleza. Wazee walisema mtoto akililia wembe, mpe. Basi tukampa. Tuliupata kwa mitumba, sokoni Thika, na Becky akaukumbatia njia yote hadi nyumbani.

Siku ya kwanza alianguka mara mbili. Siku ya pili, mara tano. Wiki ya tatu alipasuka mdomo na kuchubuka magoti yote mawili.

Nilimwosha damu. Hakulia kwa uchungu, alilia kwa aibu.

"Wengine wote wanaweza, Mum," akasema. "Ni mimi tu siwezi. Mimi ni bure kabisa."

Hayo maneno yaliniuma kuliko ile damu. Mtoto wangu anajiita bure? Nilishikwa na hasira mbaya. Nikaweka ubao chini kando ya jiko la kuni, nikachukua shoka.

"Leo githeri yetu ya mahindi na maharagwe itaivishwa na hii!"

Shoka lilikuwa juu tayari niliposikia mtu akipiga kelele.

"Mama Becky! Ngai, ngoja!"

Alikuwa Njambi, msichana aliyehamia ploti yetu ya nyumba za kupanga wiki hiyo. Alikuwa ametoka kuchota maji. Aliacha mtungi wake hapo hapo akaja mbio. Kumbe kila Jumamosi yeye hufundisha watoto sketibodi huko Ruiru, kwenye uwanja wa saruji nyuma ya kanisa lao!

"Pole, Becky," akasema. "Hebu nione huo ubao kabla mama hajaupika."

Akaupindua. Akazungusha gurudumu kwa kidole. Likagoma. Akajaribu la pili, nalo likagoma.

"Haiya! Nani amekaza hii kitu hivi?"

Dalmas akatoka ndani na kikombe cha chai, kifua mbele.

"Ni mimi. Ilikuwa inatikisika tikisika. Nikaikaza yote na spana ya kazi. Beringi nazo nikazipaka grisi nzito, ile ya mashine."

"Baba Becky, kazi yako ni safi," Njambi akasema. "Lakini umeifanyia mashine, sio sketibodi. Kuja nikuonyeshe."

Akachuchumaa. Sisi watatu tukachuchumaa naye.

"Hizi boliti nane ndizo zinashika ubao na vyuma vya chini. Hizo kaza kabisa. Hapo umeweza. Hivi vyuma viwili vinaitwa traki. Traki zinabeba magurudumu, na ndizo zinakata kona. Mnaona huu mpira hapa katikati? Becky akiegemea upande mmoja, mpira unabonyea, ubao unapinda. Sasa wewe umekaza nati yake mpaka mpira hauwezi kupumua. Mtoto akiona jiwe, atalikwepa aje?"

Dalmas akashusha kikombe. "Na nati ya gurudumu?"

"Hiyo iguse tu. Gurudumu lizunguke lenyewe, lakini nati isitoke. Beringi, hizi pete zenye gololi, ziko ndani ya gurudumu, na zinataka tone moja la mafuta mepesi. Grisi nzito inazichelewesha, tena inashika vumbi."

Mimi nilishindwa kujizuia. "Fundi! Miaka kumi na minane!"

Nilicheka mapema mno. Njambi alipindua ubao tena, akaona maua.

"Na hii nayo?"

Ubao ulipotoka sokoni, juu yake ulikuwa na msasa mweusi. Niliona huo msasa utakula viatu vya shule. Basi nikaufunika na plastiki ya meza, ile ya maua, nikaibandika kwa gundi. Ilikuwa imependeza sana.

"Ni mimi," nikasema. "Kwangu hakuna kitu kinakaa uchi. Hata redio ina kitambaa."

Njambi alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Becky! Huo msasa ndio unashika kiatu. Bila huo, mtoto amesimama kwa sabuni!"

Sasa Dalmas ndiye alicheka. Mimi sikucheka tena. Nilimwangalia Becky na mdomo wake uliovimba. Ubao haukumwangusha mtoto. Tulimwangusha sisi, mimi na baba yake, na tulifanya hivyo kwa mapenzi.

"Becky, utusamehe," nikasema. "Wewe si bure. Ni sisi hatukuuliza."

Becky akainua kichwa. "Kumbe si mimi?"

"Si wewe," Njambi akamjibu. "Na hata hii barabara yetu ya kokoto si ya ubao kama huu. Huu ni ubao wa michezo ya kuruka. Ncha zote mbili zimeinuka, na magurudumu ni madogo, tena magumu. Unataka saruji laini. Barabara mbaya kidogo inataka kruza, ule mfupi wa magurudumu makubwa na laini. Huo unaenda nao hata dukani. Halafu kuna longibodi, ule mrefu wa kwenda mbali. Watu wananunua kwa kuangalia rangi tu! Uliza kwanza: nitauendesha wapi?"

Jioni hiyo tulibandua plastiki. Msasa ulitoka nayo, lakini Njambi akatupatia mwingine. Dalmas aliosha grisi yote kwenye beringi. Nati za magurudumu alizilegeza bila maneno mengi. Zile mbili za traki alizigusa tu, akaziacha zilivyokazwa.

Jumamosi tulikuwa Ruiru. Njambi alimvalisha Becky kofia ngumu na vikinga magoti. Becky akapanda, akasukuma, akaegemea. Ubao ukaenda moja kwa moja.

"Baba," akasema, "legeza kidogo."

Dalmas aliziangalia zile nati za traki kama mtu aliyeambiwa auze ng'ombe wake.

"Robo mzunguko tu kila moja," Njambi akambembeleza.

Akalegeza. Becky akapanda tena. Akasukuma mara moja, mara mbili, akaegemea. Ubao ukapinda! Akazunguka uwanja, akakata kona, akarudi hadi mbele yetu. Hapo akaanguka, akainuka akicheka.

"Mum! Umeona? Nimeweza!"

Niliona. Nilipiga vigelegele mpaka watoto wa watu wakaniangalia. Dalmas alijifanya anafuta spana, lakini alikuwa anafuta macho.

Githeri ya siku hiyo iliiva kwa kuni za kawaida. Ubao tuliuegemeza ukutani, karibu na redio. Mimi nikaenda sandukuni, nikatoa kitambaa cheupe nilichokifuma mwenyewe. Becky aliniangalia tu. Nikakirudisha.