Karani Hakusalimu

Saa kumi na mbili asubuhi, nyasi zikiwa nyeupe kwa jalidi, kuta za nyumba zote za Uporoto Mpya zilikuwa na uvuguvugu kama viganja vya mtu aliyetoka kuota moto. Hakuna aliyechochea kuni wala kuwasha jiko. Rangi iliyopakwa kwenye kuta hizo ilikuwa na chembe ndogo mno zilizokunywa jua mchana kutwa, kisha zikalitoa polepole usiku kucha, kwa daraja la joto ambalo kila nyumba ilijichagulia. Wakazi wa jiji hilo la milimani waliiita rangi hiyo ukutajoto. Aliyeibuni, Mhandisi Atupele Mwaisaka, aliishi na baba yake katika nyumba ya kwanza kabisa kupakwa.

Asubuhi hiyo ya Julai, Atupele aliamshwa na ukimya. Kwa miaka tisa kasuku wa baba yake hakuwahi kuliacha jua lichomoze bila kupiga kelele: "Hodi wenyewe! Chai iko wapi?" Alikuwa kasuku wa kijivu, na walimwita Karani kwa sababu hakuna neno lililosemwa nyumbani humo ambalo hakulihifadhi.

Alimkuta baba yake, Mzee Ambilikile, amesimama mbele ya tundu, blanketi begani. Karani alikuwa ameshuka kutoka kwenye kijiti chake, amekaa chini kabisa. Manyoya yalikuwa yamemtimka, macho nusu wazi, na mkia wake ulipanda na kushuka kila alipovuta pumzi.

"Yuko hivi tangu lini, Baba?"

"Juzi aliacha kula. Nikadhani ni baridi, nikaupandisha ukuta hadi daraja la tisa."

Atupele alimgeukia Tabibu. Hicho kilikuwa kisanduku cheupe kilichotundikwa sebuleni, chenye jicho na sauti, ambacho kila nyumba jijini ilikuwa nacho. Kilisikiliza mapafu ya kila kiumbe aliyepita mbele yake.

"Kasuku ni mzima," Tabibu alisema. "Upumuaji wake ni wa kawaida kwa ndege wa jiji hili."

"Mzima gani huyu?" Mzee alifoka. "Huoni mkia unavyopiga?"

"Kasuku ni mzima," Tabibu alirudia, kwa upole uleule.

Walimtia Karani kikapuni, wakakifunika kwa kanga, wakaenda kwa Daktari Nsajigwa. Huyu alikuwa daktari wa mifugo, na zahanati yake ilikuwa nyumba kuukuu ya matofali nje ya jiji, kando ya mashamba ya pareto, ambako ukutajoto ulikuwa haujafika. Daktari hakumshikashika ndege. Alimweka kwenye sanduku la kioo, akafungulia mtungi wa oksijeni, akavuta kigoda, akamtazama.

"Ndege huficha ugonjwa," alisema hatimaye. "Porini, anayeonyesha unyonge ndiye anayeliwa. Ukimwona amekaa chini namna hii, ujue nguvu za kuficha zimemwishia."

"Atapona?" Mzee aliuliza. Alikohoa, akageuza uso.

"Tusubiri."

Ilipofika saa saba mchana Karani alipanda kijitini, akabangua mbegu moja ya alizeti, kisha ya pili. Mzee Ambilikile alikaa kwenye benchi.

Daktari alimwita Atupele kando. "Nyumbani mmebadilisha nini?"

"Joto tu."

"Usinikasirikie, Mhandisi. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na kasuku arobaini wa jijini niliokuwa nikiwatibu. Wamebaki sita. Wenye ndege huniambia baridi imewaua." Aligeuza macho kwenye sanduku la kioo. "Baridi ipi, ndani ya nyumba zenu?"

Atupele alijua jambo moja ambalo kila mwanafunzi wa baiolojia hulijua: hewa hupita katika mapafu ya ndege kwa mkondo mmoja usiokatika, na mwili wake ni mdogo. Kilichomo hewani humfikia yeye kabla ya mtu.

Alimwacha baba yake zahanati, akarudi peke yake. Alifunga madirisha, akaweka kipimahewa mezani, akaupandisha ukuta daraja moja baada ya jingine. Hadi daraja la sita mshale ulitikisika kidogo tu. Kwenye la saba ulipanda. Kwenye la tisa uligonga mwisho. Gundi iliyoshikilia zile chembe ilikuwa ikitoa mvuke usio na harufu. Karakana yake ilikuwa imeipima rangi hadi daraja la sita tu, kwa kuwa wakati ule hakuna aliyedhani mtu angehitaji zaidi. Ndipo vikaja vipupwe vitatu vikali mfululizo, watu wakapandisha joto.

Alifungua madirisha yote. Kisha alimuuliza Tabibu swali ambalo hakuwahi kumuuliza.

"Kawaida ni nini?"

"Kawaida ni wastani wa wakazi wote wa jiji kwa mwaka huu."

"Tumia wastani wa kabla ya ukutajoto. Baba yangu ni mzima?"

"Hapana."

"Na wengine?"

"Wakazi elfu kumi na tisa si wazima."

Atupele aliketi. Mtambo haukuwa umesema uongo hata siku moja. Jiji zima liliugua kidogokidogo, na ugonjwa ukawa ndio kipimo cha uzima.

Alirudi zahanati, akamkuta baba yake akimmenyea Karani kipande cha papai.

"Unakohoa tangu lini, Baba?"

Mzee aliendelea kumenya. "Mwaka juzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesema nini, mama? Tabibu ananiambia mimi ni mzima. Na huo ukuta ni wako. Watu wakinisalimia njiani wanasema, baba yake Atupele, ametuondolea baridi. Nitaanzaje kukohoa mbele yao?"

Atupele alimshika mkono.

Mkurugenzi wa kampuni iliyouza ukutajoto alimsikiliza Atupele kwenye simu hadi mwisho. "Tusubiri Septemba," alisema. "Ukizima sasa, watoto watalala kwenye barafu."

"Wanalala kwenye sumu."

"Tupunguze kimyakimya hadi daraja la sita."

"Gundi ikishachemka mara moja, inavuja hata ukuta ukirudishwa daraja la sita. Nimepima. Nazima saa tisa, jua likiwa bado kali, watu wapate muda wa kutafuta mablanketi."

Ufunguo wa mitambo yote iliyoongoza kuta za jiji ulikuwa mikononi mwake. Saa tisa aliuzungusha. Kisha akatoka kwa miguu, kwa sababu aliona tangazo la sauti kupitia Tabibu halitoshi.

Katika nyumba ya kwanza, mtaa wa nyuma yao, alifunguliwa na mama mmoja aliyembeba mtoto wa miaka miwili kiunoni. Atupele alimweleza kila kitu pale pale mlangoni, bila kujitetea.

Mama yule hakupaza sauti. "Wewe ndiwe wa ukuta?"

"Ni mimi."

"Mara kumi na moja nimemwambia Tabibu mtoto wangu anapumua vibaya. Mara kumi na moja ameniambia nina wasiwasi wa bure. Mume wangu naye akaanza kusema hivyohivyo."

"Nisamehe, dada."

"Sijui kama nitaweza. Karibu ndani kwanza." Alifungua dirisha, baridi ikaingia. Kisha akamtoa mtoto kiunoni, akamsimamisha mbele ya Atupele. "Weka sikio lako hapa kifuani. Wewe mwenyewe, si mtambo."

Atupele akapiga magoti sakafuni, akaegemeza sikio, akasikiliza.