Kiatu cha Ukutani

Rafiki yangu Alf Thwaite, fundi mwashi wa huku Yorkshire, aliitwa kuziba ufa wa dohani katika nyumba kongwe ya shamba ya Bi Hebden. Nyuma ya matofali akakuta kiatu kikuukuu cha mtoto, akakitupa kwenye moto wa takataka uani.

“Umekichoma?” Bi Hebden akauliza. “Kiliwekwa humo ili kinachoshuka dohani kikishike hicho badala ya mtu. Haya, vua chako.”

“Sasa nitarudije nyumbani, bibi?”

“Utachechemea, kijana.”

Alf akacheka, akavua cha kushoto, akakijengea ukutani. Ndani ya dohani kitu kikakwaruza taratibu, kikanyamaza.

Tangu hapo kila asubuhi huamka mguu wa kushoto una masizi. Huyaosha, yanarudi. Mwanzoni yaliishia kwenye kifundo.

Jana alifungua kola, akanionyesha shingo.